Kusimama kwa Mama Elia

Foleni ya unga ilianzia mlangoni pa duka la ushirika, ikazunguka nyuma ya choo cha shule, ikateremka hadi barabarani. Ilikuwa imesemwa gari litafika saa tatu. Sasa ilikuwa saa saba, na wenye akili walikuwa wameweka mawe yashike nafasi zao, wao wakaenda kukaa kivulini. Waliobaki walichuchumaa au walikalia madebe yao. Raheli peke yake ndiye aliyesimama, na wala hakusimama kama watu wanavyosimama.

Alikuwa ameunganisha nyayo, visigino kwa visigino, vidole gumba kwa vidole gumba. Magoti aliyakaza. Mabega aliyashusha, mikono akaiacha ining'inie ubavuni, na macho aliyaelekeza mbele, si kwa mtu wala kwa kitu. Nzi alitua shavuni akatembea hadi puani, na Raheli hakumfukuza. Alikuwa akipumua polepole mno, mtu akimtazama alijikuta naye anapumua hivyo, kisha anakasirika bila kujua sababu.

"Mama Elia, kaa basi," alisema Halima, jirani yake, aliyekuwa mbele yake kwenye foleni. "Unatuchosha sisi."

"Nikikaa sitainuka, dada. Mgongo."

"Mgongo gani unaotibiwa kwa kusimama? Mimi wangu nikisimama ndio unazidi."

Asubuhi ile wingu zito lilikuwa limetokea upande wa Kwamkoro, jeusi, la kutia moyo. Lilisimama juu ya kilima cha Kwemkuyu, watu wote wakainua nyuso. Likakaa kidogo, likapasuka katikati, likaenda zake kunyeshea wengine. Aprili ilikuwa imefika siku ya kumi na masika haijatoa hata tone la kulowesha vumbi.

Ajuza mmoja nyuma kabisa alitazama njia wingu lilikopita, kisha akamtazama Raheli. "Huyu si mjukuu wa Zumbe?" aliuliza.

Wote walijua. Babu yake Raheli alikuwa Zumbe, chifu wa bonde lile, na machifu wa Usambara enzi zao walikuwa na mvua mikononi. Zumbe akiridhika, mvua hunyesha. Akikasirika huifunga, na Washambaa husema amefanya kubana shi, ameibana nchi isipumue. Baada ya Uhuru uchifu ulifutwa, na watu wakaambiwa kwamba mvua ni kazi ya misitu na bahari. Watu walikubali, hasa miaka ya mvua.

Gari lilipofika saa tisa, unga ulikuwa wa njano na haukutosha. Halima alipata kilo mbili. Aliyemfuata alipata moja. Huyo aliyemfuata hakuwa Raheli, kwa sababu waliokuwa nyuma yake walimpita mmoja mmoja bila kusema samahani, wakimzunguka kwa mbali, na yeye hakujua afanye nini ila kuwapisha.

---

"Wanasema nini?" Timotheo alimuuliza mkewe jioni, ingawa alikuwa amekwisha kuambiwa na watu watatu njiani.

"Wanasema nasimama."

"Na kweli unasimama?"

"Baba Elia, unaniona kila siku. Nikisonga ugali nasimama. Nikisubiri bombani nasimama. Wewe mwenyewe ulisema tangu nianze nimeacha kulia nikigeuka kitandani."

Timotheo alikuna kidevu. Alikuwa mtu mwema, mpasua mbao, ambaye mambo yakizidi mawili yalimchanganya. Alijua kwamba mkewe alikuwa akifua nguo kwa Mama Bhanu, Mhindi mwenye duka pale Lushoto mjini. Siku moja Raheli alikwama ameinama juu ya karai, hawezi kwenda juu wala chini. Mama Bhanu alimnyanyua, akamsimamisha mbele ya kioo cha kabati, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Wewe simama tu. Guu mbili, uzito sawa. Kichwa juu. Usiende popote." Alisema kwao watoto hufundishwa kusimama hivyo, na kwamba kusimama huko kunaitwa mlima. Mwaka uliofuata nyumba yake ilichukuliwa na serikali, Mama Bhanu akaenda Uingereza na masanduku mawili, akamwachia Raheli karai na huko kusimama.

"Lakini kwa nini kunasaidia?" Timotheo aliuliza.

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza. Alicheka."

Bibi Yunis, mama yake Timotheo, alikuwa akichambua maharage karibu na moto. Alikuwa mzee wa kanisa, na nyimbo zote za kitabu alizijua bila kitabu. "Mwanangu," alimwambia Raheli, "mimi sisemi kitu. Lakini babu yako naye alikuwa akisimama nje asubuhi, ameuelekea mlima, hasemi na mtu. Mimi nilimwona kwa macho yangu, nikiwa mndee, msichana mdogo."

"Alikuwa akifanya nini, mama?"

"Alikuwa Zumbe. Nani angemuuliza?"

Raheli alicheka, kisha akaona kwamba wenzake hawakucheka.

---

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Athumani, alikuja kesho yake na kofia yake ya kazi, ile ya kijani.

"Shikamoo, baba," alisema Raheli.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu kiti."

Mzee Athumani alikaa, akauliza habari za watoto, za mbuzi, za mgomba ulioanguka, na alipomaliza yote yaliyoulizika akakohoa. Kamati ya kijiji ilikuwa inamtaka Raheli shuleni, Jumatano saa nne.

"Kwa kosa gani, baba?"

"Hawajasema kosa. Wamesema aje." Alishusha sauti. "Mama Elia, wewe nionyeshe mimi. Nijue cha kusema."

Raheli akasimama. Mzee Athumani alimtazama toka nyayo hadi utosi, akamzunguka kama anayenunua ng'ombe. Kisha akavua kofia, akaiweka kwenye kiti, akasimama vilevile. Akaunganisha nyayo. Akayumba, akashika nguzo ya nyumba, akasimama tena.

"Unasikia nini?" Raheli alimuuliza.

"Nasikia miguu." Alifikiri kidogo. "Nilikuwa nimesahau kwamba ninayo miwili." Kisha akakumbuka kilichomleta, akavaa kofia haraka na kutazama barabarani kama kuna aliyemwona. "Jumatano saa nne," alisema. "Na mwanangu, orodha ya Mnazi bado haijafungwa. Uwe na adabu."

Alipoondoka, Raheli alikaa chini. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa bila kulitaja. Kijiji kilitakiwa kutoa kaya kumi na mbili ziteremke Mnazi kufungua mashamba mapya tambarare. Dada yake aliolewa huko. Alikuwa amezika watoto wawili kwa homa katika mwaka mmoja, na barua yake ya mwisho ilisema watu wa milimani wakifika Mnazi, mbu wanaitana.

---

Kamati ilikaa darasa la nne, kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika vifuani. Mwenyekiti Mussa peke yake alikuwa na kiti. Alikuwa na umri mmoja na Timotheo, aliwahi kwenda semina Korogwe, na alipenda mambo yafuate utaratibu.

"Ndugu Raheli," alianza, "chama hakitambui ushirikina. Kwa hiyo hatukukuita kwa ajili ya mvua."

"Ndiyo, ndugu mwenyekiti."

"Tumekuita kwa ajili ya kusimama."

"Kusimama ni kosa?"

"Kusimama wakati wenzako wamekaa ni kujitenga."

"Na wenzangu wakisimama?"

"Wakisimama wapi?"

"Shamba la ujamaa. Wenzangu wanasimama na majembe, nami nasimama. Kidogo tu, mgongo ukikaza."

"Hapo ndipo pabaya zaidi," mwenyekiti alisema kwa haraka. "Hapo ni uzembe."

Mjumbe mmoja aliyekuwa amekunja miguu chini ya dawati aliinua mkono. "Mwenyekiti, kwa kuwa hatukumwita kwa ajili ya mvua, naomba nimuulize. Ataifungua lini?"

Watu wakaguna. Mwenyekiti aligonga meza. Raheli alieleza habari za karai, za Mama Bhanu, za kioo cha kabati. Aliposema kwamba kusimama huko kunaitwa mlima, wajumbe waligeukiana.

"Mlima upi?" aliulizwa.

"Sio mlima wowote. Ni jina tu."

"Huyo Mhindi aliujuaje mlima wa babu yako?"

"Hakumjua babu yangu!"

"Simama tuone," alisema mwenyekiti.

Raheli alisimama mbele ya ubao, chini ya picha ya ng'ombe na sehemu zake. Mgongo ulikuwa ukimuuma kwa kungoja, na mara nyayo zilipokutana alihisi uti unarefuka, maumivu yakipungua taratibu, na hilo likamtia haya, maana wote walimwona amestarehe. Wajumbe hawakumtazama yeye. Walitazama dirishani. Nje jua lilikuwa linawaka na hakuna wingu hata la dawa.

"Inatosha! Inatosha, kaa!" mjumbe mmoja alipiga kelele.

Uamuzi ulisomwa kwa karatasi. Ndugu Raheli aache kusimama namna hiyo, hadharani na nyumbani. Ahudhurie shamba la ujamaa siku zote bila kukosa. Akikosa siku mbili, au akionekana amesimama, kaya yake iingie orodha ya Mnazi.

"Sasa nikiwa kwenye foleni nikae vipi?" aliuliza Raheli. Hakuwa akifanya ubishi. Alitaka kujua.

Mwenyekiti alitazama karatasi, akaigeuza upande wa pili. "Egemea kitu," alisema.

---

Siku ya kwanza aliegemea. Siku ya pili alitembea amepinda. Siku ya tatu hakuweza kuinua debe la samadi, Timotheo akalibeba kichwani mwake, akapita nalo mbele ya wanaume wenzake waliokuwa wakinoa mapanga. Mmoja tu aliuliza kwa upole kama angependa kuazimwa khanga. Timotheo alicheka naye, na usiku hakula.

Siku ya nne Raheli hakuamka. Siku ya tano hakuamka. Aliwasikia wanawake wakipita njiani na majembe, akapiga hesabu yake kitandani: hizo ndizo mbili. Alilia kwa hasira. Akiwa na uzima aliambiwa asisimame, na kwa kutosimama ameukosa uzima, na kwa kukosa uzima atapelekwa Mnazi. Kila alipojaribu kutafuta kosa lake lilipoanzia, alirudi kwenye karai.

Siku ya sita alijikokota shambani akishika fimbo ya mkwewe. Alipiga magoti kwenye tuta, akaanza kupalilia kwa mkono mmoja. Ilikuwa kama saa tano, tone likamwangukia shingoni. Akadhani ni jasho. Likaja la pili. Kisha kilima chote kikanguruma, na mvua ikashuka kwa kishindo, mvua ya haki, ya kuziba macho. Wanawake walipiga vigelegele. Watu walitupa majembe wakacheza kwenye tope.

Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Raheli.

Mzee Athumani alikuja hadi pale alipopiga magoti, maji yakimtiririka kofiani. Alikuwa mkubwa kuliko baba yake Raheli, Mungu amrehemu. Akainama.

"Shikamoo," alisema.

Raheli aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani. "Baba," alisema, "baba, usinifanyie hivi. Mimi ndiye wa kukuamkia."

"Umetuhurumia."

"Sikufanya kitu!"

"Ndiyo," alisema mzee kwa heshima. "Umeacha."

Jioni waliletewa kuku wawili na chane ya ndizi. Bibi Yunis aliwapokea kuku, akawafungia, akakataa kutazamana na mtu. Timotheo alikaa mlangoni akisikiliza mvua juu ya mabati.

"Mama Elia," alisema bila kugeuka, "niambie mimi mumeo. Kweli hukufanya kitu?"

"Baba Elia!"

"Nauliza tu."

"Nimekaa kitandani siku mbili naumwa!"

"Ndiyo. Nami nasema, ulipolala tu, mawingu yakaanza." Alinyoosha mkono nje, maji yakamlowesha. "Sisemi ni wewe. Sielewi tu."

Raheli alitaka kumtukana. Lakini katikati ya hasira alijikuta akihesabu siku naye, siku aliyoanza kusimama hata mbele za watu na siku mvua ilipokatika, na akaona zinakaribiana. Akaogopa. Akaomba sala ya Baba Yetu mara mbili.

---

Orodha ilibandikwa kwenye mlango wa duka. Kaya ya Timotheo ilikuwa ya tisa. Utaratibu ulikuwa utaratibu: siku mbili zilikosekana. Lori lingekuja mvua ikipungua.

Mvua haikupungua. Wiki ya kwanza watu walishukuru. Wiki ya pili walinyamaza. Wiki ya tatu matuta ya juu yaliporomoka juu ya matuta ya chini, maharage yaliyoanza kuchipua yakaoza, na jiko la mwalimu mkuu likaondoka usiku na sufuria zake. Barabara ya Soni ilikatika. Raheli alikuwa kitandani, amekunjwa upande mmoja. Mkwewe alimlisha uji kwa kijiko.

Mwenyekiti Mussa alibisha hodi mchana, amejifunika gunia la chumvi. Alikaribishwa kiti, hakukaa.

"Pole, mama. Sikuja kama mwenyekiti."

"Umekuja kama nani?" Raheli aliuliza kutoka kitandani.

"Kama Mussa tu."

"Na orodha, umekuja nayo?"

Mussa aligusa kifua. Ilikuwa mfukoni, ndani ya mfuko wa nailoni. "Ninayo."

"Basi mwenyekiti naye amekuja."

Timotheo alisogea karibu na ukuta. Mussa alikamua gunia mlangoni, akakohoa, akaanza. Chama hakitambui ushirikina, na yeye pia hatambui. Lakini watu walikuwa na maoni. Maoni ya watu ni kitu cha kusikilizwa. Shamba lake mwenyewe lilikuwa limeingia mtoni.

"Simama kidogo, Mama Elia," alisema mwishoni. "Kidogo tu."

"Mliniambia nisisimame."

"Ndiyo."

"Mimi nasimama kwa ajili ya mgongo, ndugu Mussa. Mvua haimo humo. Ukiniambia nisimame kwa ajili ya mvua, utakuwa umenifanya mchawi na mimi mtu wa kanisa."

"Basi simama kwa ajili ya mgongo."

"Na jina letu?"

Mussa alifikiri. "Jina ni kwa ajili ya mgongo pia. Mgonjwa hahamishwi." Alitoa karatasi, akaiweka juu ya goti, akachora mstari kwa kalamu ya wino. Karatasi ilipinda gotini, mstari ukaenda upande.

Timotheo na mama yake walimnyanyua Raheli, mmoja huku na mwingine huku. Walimsimamisha kwenye sakafu ya udongo. Akaunganisha nyayo. Mwanzo hakuweza kunyooka, alisimama kama jembe lililopinda. Akasubiri. Akaweka uzito sawa, akakumbuka kioo cha kabati. Polepole, kitu nyuma ya kiuno kilichokuwa kimekazwa majuma matatu kikalegea, akapanda hadi urefu wake, na machozi yakamtoka. Alisikia raha iliyomtia hofu.

Mvua ilizidi. Mussa alichungulia mlangoni, akarudi, akachungulia tena.

"Labda inachelewa," alisema, akajifunika gunia akaenda.

Ilikatika siku ya tatu, asubuhi.

---

Lori lilikuja baada ya wiki. Kaya zilitakiwa kumi na mbili, si kumi na moja, kwa hiyo pale mstari wa wino ulipopita, juu yake paliandikwa jina la mume wa Halima.

Raheli alikwenda kumuaga. Hakujua aseme nini, akabeba kuku mmoja wa wale wawili. Halima alikuwa amekwisha kupanda, ameketi juu ya godoro lake lililoviringishwa, mtoto mapajani. Alimpokea kuku, akamweka chini ya miguu.

"Dada," Raheli alisema, "mimi sikulitaja jina lako. Wallahi, hata sikujua."

"Najua."

"Nilikuwa naumwa tu."

Halima alimtazama kwa muda, bila chuki. Ilikuwa afadhali angekuwa nayo. "Pale kwenye foleni nilikuambia ukae," alisema. "Ningekuambia unifundishe."

Lori liliondoka likipiga honi, na wote waliobaki wakasogea kando kumpa Raheli nafasi ya kupita.

---

Mwezi wa saba Timotheo alivuna maharage aliyoyapanda upya, madebe matatu na nusu. Asubuhi aliamka kabla ya mkewe, akatoka nje, akarudi ndani. Raheli alikuwa akifunga khanga. Wingu lilikuwa limekaa juu ya kilima upande wa Kwamkoro, si kubwa.

Timotheo alisimama mlangoni na mkeka kwapani. Aliutazama mkeka, akatazama miguu yake mwenyewe.

"Mama Elia," alisema, "leo... utasimama?"

Raheli alimtazama mume aliyelala naye miaka kumi na minne, aliyembebea samadi mbele za watu. Alingoja acheke. Hakucheka. Alikuwa anamngoja yeye, kwa adabu, namna watu wanavyongoja mlangoni kwa mkubwa.

"Nitasimama," alisema. "Mgongo unaniuma."

"Ahsante," alisema Timotheo.

Raheli akatoka nje, akaunganisha nyayo zake kwenye ua. Timotheo alitandika mkeka, akamwaga maharage yote, akayasambaza yakauke kwa viganja vyake viwili, kisha akachukua msumeno akaenda kazini, na hata mara moja hakuinua uso kutazama wingu.